Mwombaji Mmoja, Mrithi Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Hifadhi kati ya Wanadamu na Viumbe wa Ulimwengu Mwingine

Hadi leo hakuna uhai uliothibitishwa nje ya Dunia, kwa hiyo kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kubuni. Nimekibuni kwa makusudi kiwe kigumu, maana visa vingi vya namna hii hutungwa ili upande mmoja uonekane katili mapema, na msomaji akishamjua katili huwa hana tena cha kupima. Hapa kila upande una sababu ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuisimamia, na kila upande, ukitazamwa na wenzao, unafanya jambo la kuchukiza.

Mambo yalivyo

Chukulia kuwa wanadamu wameweka kituo kidogo cha utafiti juu ya barafu ya ulimwengu unaozunguka nyota ya jirani. Chini ya barafu hiyo ipo bahari isiyofikiwa na mwanga, kama ile inayoaminika kuwapo chini ya barafu ya Europa, mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii. Uhai wote wa humo hutegemea joto na kemikali zitokazo katika matundu ya sakafu ya bahari. Viumbe wenye akili wanaoishi humo nitawaita Wenyeji, kwa kuwa katika kisa hiki wageni ni sisi.

Nishati ya matundu haiongezeki, na Wenyeji walikwisha kuipima tangu zamani. Wanajua bahari inaweza kubeba wangapi, na idadi hiyo hawaivuki. Watoto wao huzaliwa wakiwa katika usingizi mzito, na kila mmoja ana mzee ambaye nafasi yake ameandikiwa kuirithi. Mzee akifikia umri uliowekwa hufanya tendo ambalo tutaliita kukabidhi: hufa mbele ya jamaa zake, na mrithi wake huamshwa papo hapo. Usingizi nao una mwisho; mrithi asiyeamshwa ndani ya muda wake hufa bila kuwahi kuamka. Kwa hesabu ya Wenyeji, basi, mzee anayekataa kukabidhi anafanya zaidi ya kujiongezea siku: anamuua mtu anayejulikana kwa jina.

Mzee mmoja, ambaye hapa ni Mwombaji, amepanda hadi kwenye lango la maji la kituo zamu yake ikiwa imekaribia, akaomba asirudishwe. Haishutumu sheria ya wenzake, wala hana hoja ya kifalsafa. Anasema anaogopa, na kwamba hataki kufa. Wenyeji wamemtuma mjumbe kudai arejeshwe, na mjumbe huyo hakuja na vitisho.

Kuomba ushauri Duniani hakusaidii. Hata kama nyota hiyo ingekuwa Proxima Centauri, iliyo karibu zaidi na Jua letu kwa umbali wa miaka-nuru 4.24, swali na jibu lake, hata vikisafiri kwa kasi ya mwanga, vingechukua zaidi ya miaka 8. Walio kituoni wataamua wenyewe, na mrithi hatasubiri.

Hoja ya mjumbe

Mjumbe anaanza kwa kukubali kwamba wanadamu hawapendi kuona kiumbe akilazimishwa kufa, kisha anauliza kanuni inayowapa haki ya kuingilia ni ipi. Ikiwa kanuni ni kwamba anayeweza kumlinda asiye na kinga dhidi ya sheria ya kwao anaruhusiwa kufanya hivyo, Wenyeji wanaikubali, na wanadai waitumie nao. Wamesoma kumbukumbu ambazo kituo chenyewe kiliwapa. Wanajua kwamba hewaukaa, gesi inayoipasha Dunia joto, katika angahewa ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda na sasa imepita 420, na kwamba waliofanya hivyo walijua tangu muda mrefu nani atakayelipa. Wanajua pia kuwa mitambo ya nyuklia huacha plutoni-239, taka yenye mionzi hatari, ambayo huchukua takribani miaka 24,000 kupungua nusu. Kwa macho yao, hili ndilo tendo lile lile wanalolizuia baharini, tofauti ikiwa ni kwamba wanadamu hulifanya polepole na hawajawapa majina wanaoumia. Wanauliza kwa nini wasidai kusimamia matumizi ya wanadamu kwa niaba ya watoto wa wanadamu ambao hawajazaliwa.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na sidhani hoja hii ina jibu jepesi. Tukisema kwamba watakaozaliwa baadaye hawana haki kwa kuwa bado hawapo, mjumbe atatukumbusha kuwa warithi wa baharini tayari wapo, wamelala. Tukisema kuwa sheria ya kila jamii ni yake, tumekwisha kumrudisha Mwombaji kwa mdomo wetu wenyewe.

Njia tatu zinazojitokeza mapema mno

Njia ya kwanza ni kugawana katikati: Mwombaji aongezewe muda fulani, kisha akabidhi. Watu waliozoea kusuluhisha migogoro ya mali huikimbilia, kwa sababu katika mali nusu ya kitu huwa bado ni kitu. Katika kisa hiki muda wa nyongeza unamwua mrithi na mwisho wake unamwua Mwombaji, na pande zote mbili zinabaki na sahihi katika karatasi. Historia ina hesabu za aina hii. Mwaka 1787 walioandika katiba ya Marekani walipatana kwamba, katika kugawa viti vya bunge, watumwa wahesabiwe kwa tatu ya tano ya idadi yao. Kilichopatanishwa pale kilikuwa maslahi ya majimbo yaliyokaa mezani, na waliogawanywa hawakuwapo.

Njia ya pili ni ya fundi: wanadamu waweke mtambo wa nishati chini ya barafu, idadi inayobebeka iongezeke, na Mwombaji na mrithi waishi wote. Ninauelewa mvuto wake, na huenda siku moja Wenyeji wakaiomba wenyewe. Lakini anayeshika swichi ya mtambo huo ndiye atakayekuwa ameshika idadi ya watakaozaliwa, na swichi itakuwa mikononi mwa wageni ambao hata hawajui kama kituo chao kitaendelea kupata fedha. Mtambo ukizimika baada ya vizazi kadhaa, waliozaliwa juu ya nishati yake watakufa kwa wingi ambao bahari haijawahi kuuona.

Ya tatu ni kuiachia kanuni ya majadiliano itoe jibu. Mwaka 1950 mwanahisabati wa Marekani John Nash alionyesha kwamba, kwa masharti machache yanayoonekana kuwa ya haki, mgogoro wa pande mbili una suluhu moja inayoweza kukokotolewa. Hesabu hiyo huanzia pale ambapo kila upande utabaki mapatano yakishindikana, na hapo ndipo inapotuponza, kwa sababu kituo kikitaka kinaweza kuyaziba matundu kadhaa na kuwaua maelfu, ilhali Wenyeji hawana cha kukifanya kituo zaidi ya kukinyima mazungumzo. Ukianzia hapo, mwenye nguvu atapewa zaidi na hesabu itaitwa haki. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, katika ibara ya 52, unabatilisha mapatano yaliyopatikana kwa kutisha au kutumia nguvu kinyume na kanuni za Umoja wa Mataifa. Mkataba huo unahusu dola pekee, na bahari hii si dola inayotambuliwa na mtu yeyote, lakini sioni sababu ya kuwapa Wenyeji ulinzi mdogo kuliko huo. Tamko la kwanza la kituo, kabla ya jambo lolote, liwe kwamba matundu hayataguswa hata mazungumzo yakivunjika.

Mpangilio wa mambo: mrithi kwanza

Kosa linalonyemelea mazungumzo yote ya aina hii ni kuanza na swali kubwa kuliko yote, yaani nani ana maadili sahihi, wakati kuna mtu anayekaribia kufa ambaye hakuna upande unaotaka afe. Mrithi ndiye huyo. Wanadamu wanataka aishi, Wenyeji wanataka aishi, na Mwombaji mwenyewe, akiulizwa, anasema vivyo hivyo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kupatana ni aamshwe sasa.

Gharama ya kumwamsha ni nafasi moja ya nishati, na swali la nani ailipe ndilo linalotenganisha mapatano safi na mapatano machafu. Wenyeji hawapaswi kuilipa, kwa kuwa hawakuomba wageni. Mtambo mpya tumekwisha kuukataa. Inabaki akiba ya kituo chenyewe. Mwombaji akikaa kituoni halishwi na bahari, kwa hiyo nafasi yake baharini imeachwa wazi na mrithi anaijaza, na idadi inabaki ile ile hadi mmoja wa mwisho. Kituo kinapunguza mgao wake kwa kiasi cha kumlisha mkaazi mmoja zaidi, na hilo maana yake ni utafiti kupungua, au mwanadamu mmoja kurudi nyumbani kwa safari inayofuata. Nasisitiza hili kwa sababu huruma isiyomgharimu anayeitoa humgharimu mtu mwingine, na katika kisa hiki mtu huyo angekuwa mtoto aliyelala.

Zipo hoja mbili dhidi ya mpango huu. Ya kwanza ni ya mashaka: huenda wanadamu hawakumwelewa Mwombaji. Kiumbe wa aina nyingine kabisa anaweza kusema maneno yanayofasirika kuwa ombi la hifadhi ilhali kwao ni sehemu ya taratibu za kuaga. Dawa yake ni kumuuliza tena na tena, mjumbe akiwapo na asipokuwapo, na kumwachia lango wazi aondoke saa yoyote. Mrithi akiwa ameamshwa tayari, kosa la kumkaribisha linarekebishika, na kosa la kumtoa halirekebishiki.

Hoja ya pili ni ya Wenyeji, na ni nzito zaidi. Baadhi yao watasema kuwa kukabidhi hakutimizwi kwa kuacha nafasi tupu. Zawadi kwa mrithi ni uhai mzima wa mzee, na mrithi aliyeamshwa bila zawadi hiyo anaishi kwa mkopo. Wengine, naamini, watasema kuwa aliyepoteza nafasi, sauti katika baraza na haki ya kurudi amekwisha kukabidhi kila kitu ambacho bahari ilikuwa inamdai. Mzozo huu ni wao. Mwanadamu anayeingia katikati na kuwaambia kiini cha desturi yao ni kipi anafanya ufidhuli, hata kama tafsiri anayoichagua ni ile inayomfurahisha mjumbe. Kituo kinaweza kuuliza swali, kisha kinyamaze.

Hukumu ambayo haikuchagua

Kuhusu Mwombaji mwenyewe, kisa cha wanadamu kinachofaa kukumbukwa ni cha Víctor Raúl Haya de la Torre, mwanasiasa wa Peru aliyekimbilia ubalozi wa Kolombia mjini Lima mnamo Januari 1949. Peru ilimtaka kama mhalifu, nayo Kolombia ikadai kuwa yenyewe ndiyo yenye haki ya kuamua kwamba makosa yake yalikuwa ya kisiasa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 1950 kwamba Kolombia haikuwa na haki ya kuamua hivyo peke yake, na kwamba hifadhi haikutolewa kwa mujibu wa mkataba uliohusika. Kolombia ilipouliza kama sasa ilazimike kumkabidhi kwa Peru, mahakama ilijibu mwaka 1951 kuwa hifadhi hiyo ilipaswa kukoma, lakini Kolombia haikulazimika kumtoa. Namna ya kumaliza jambo waliachiwa wahusika. Alikaa ndani ya ubalozi hadi 1954, nchi hizo mbili zilipopatana aondoke.

Wanasheria wengi waliiona hukumu hiyo kama kitendawili. Mimi naiona kuwa ndiyo hasa inayohitajika hapa, kwa sababu ilitenganisha mambo mawili ambayo wagomvi hupenda kuyafunga pamoja: haki ya kuihukumu sheria ya mwenzako, na wajibu wa kumtia mtu mikononi mwake. Kituo kinaweza kukiri kwamba hakina mamlaka ya kutangaza kuwa kukabidhi ni uovu, na bado kisimfungulie mjumbe mlango wa chumba cha Mwombaji. Kukiri huko kuandikwe. Mkataba wa Antaktika wa 1959 una kifungu cha namna hiyo katika ibara ya 4: mataifa yaliyodai vipande vya bara hilo hayakuacha madai yao, mataifa yaliyoyapinga hayakuyakubali, na lolote linalofanywa mkataba ukiwa hai halimwongezei wala halimpunguzii mtu dai. Vivyo hivyo Mwombaji kukaa kituoni kusichukuliwe kuwa ushahidi kwamba Wenyeji wamekubali kosa, na wanadamu kunyamaza kusichukuliwe kuwa wameridhia vifo vya zamu.

Lakini kumrudisha kwa nguvu hakuwezi kuwekwa mezani hata kwa bei nzuri. Mwanafalsafa Avishai Margalit, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu maafikiano, anatofautisha mapatano yasiyo ya haki, ambayo wakati mwingine inabidi kuyakubali kwa ajili ya amani, na mapatano yaliyooza, ambayo husimamisha au kudumisha utawala wa ukatili na udhalilishaji. Sitaki kuuita utaratibu wa Wenyeji kwa jina hilo. Una mantiki na una upendo ndani yake. Ninachokiangalia ni nafasi ya mwanadamu katika tendo. Sheria ya Marekani ya 1850 kuhusu watumwa waliotoroka iliwafanya watu wa majimbo yasiyoruhusu utumwa kuwa wakamataji kwa niaba ya wamiliki, na iliweka ada ya dola 10 kwa kamishna, yaani afisa aliyeamua kesi hizo, aliyemrudisha mtu na dola 5 kwa aliyemwachilia. Waliokuwa wakivumilia utumwa kwa mbali walijikuta wakiutekeleza kwa mikono yao. Kuvumilia kwamba mwenzako ana desturi usiyoikubali ni jambo moja, na kuwa kiungo cha desturi hiyo ni jingine. Ada ile pia inafundisha kitu kwa kituo: uamuzi juu ya Mwombaji usifanywe na yeyote ambaye utafiti wake unategemea kibali cha Wenyeji.

Mwombaji wa kumi

Habari zitaenea baharini. Kituo kinaweza kubeba wakaazi wachache zaidi, na kikifika ukomo, kitamfanya nini anayefuata?

Mjumbe atapendelea idadi iandikwe, na wengi kituoni watakubali kwa sababu idadi huonekana kuwa jambo la busara. Naipinga. Idadi iliyoandikwa inakuwa ahadi ya kumrudisha anayezidi, na ahadi hiyo ndiyo ile tuliyokataa, imeahirishwa tu. Ninachopendekeza kina gharama kubwa kwa wanadamu: kituo kisimhamasishe mtu yeyote kutoroka, kila anayepokelewa achukue nafasi ya mwanadamu mmoja, mrithi wake aamshwe kabla ya jambo lingine lolote, na kituo kikijaa kiondoke na wote waliomo. Watakaokuja baada ya hapo watakuta barafu tupu.

Itasemwa kwamba kuondoka ni kuwatelekeza. Ni kweli kwamba hawataokolewa. Hata hivyo nadhani ipo tofauti kati ya kushindwa kumwokoa mtu na kumrudisha kwa mikono yako, na kwamba jamii isiyoikubali tofauti hiyo italazimika ama kuzitawala jamii zote zinazoteseka au kukubali kuwa mlinzi wa magereza yao. Sipendi njia yoyote kati ya hizo mbili.

Wanachopata Wenyeji

Mapatano ambayo upande mmoja tu unarudi nyumbani na kitu hayadumu, na hoja ya mjumbe kuhusu watakaozaliwa haijajibiwa bado. Kituo hakina mamlaka ya kuifunga Dunia. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unawaita wanaanga wajumbe wa wanadamu, lakini jina hilo ni la heshima, halimpi mtu kalamu ya kutia sahihi. Na tamko la Akademia ya Kimataifa ya Safari za Anga la 1989 lilitaka hata jibu kwa ishara kutoka nje lisitumwe kabla ya mashauriano ya kimataifa. Yaliyo chini ya kituo, hata hivyo, kituo kinaweza kuyatoa. Wenyeji wapewe msemaji wa vizazi vijavyo mwenye kura ya kuzuia kila uamuzi wa kituo unaoacha mabaki yatakayodumu kuliko kituo chenyewe: taka za mtambo wa nishati, mashimo katika barafu, vijidudu vya kigeni. Katika hilo la mwisho wanadamu hawatoi kipya, kwa kuwa ibara ya 9 ya mkataba ule wa 1967 inawataka tayari waepuke uchafuzi wenye madhara. Katika mengine wanatoa, na itawauma, kwa sababu msemaji huyo atawauliza maswali ambayo bado hawajayazoea hata nyumbani kwao.

Kuhusu Dunia yenyewe, kituo kiahidi kitu kimoja tu: kuipeleka hoja ya mjumbe nzima, kwa maneno yake, bila kuipunguza makali na bila kuiambatanishia utetezi.

Jibu litakaporudi, huenda likayakana mapatano yote. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Vienna inasema kuwa tendo la asiye na mamlaka ya kuwakilisha halina nguvu mpaka lithibitishwe na anayewakilishwa, na mjumbe aambiwe hivyo kabla ya kukubali, asije akalijua baadaye. Kwa sababu hiyo kifungu cha mwisho kiseme kwamba Dunia ikikataa, mapatano yanakoma kwa waombaji ambao bado hawajafika, kura ya msemaji inaendelea mpaka chombo cha mwisho cha kituo kiondolewe, waliokwisha kupokelewa hawarudishwi, na warithi walioamshwa hawadaiwi chochote na upande wowote.